Ginsengi ya Nguruwe

Lai Genmei hakuwa mtu wa kukaa. Chai aliinywa amesimama, wali aliula akizunguka kati ya jiko na mlango, na kwenye mikutano ya kikosi cha uzalishaji, ambako watu wote wa Kengwei walikwenda kusinzia kidogo baada ya kazi, yeye aliegemea ukuta wa nyuma akibadilisha mguu huu na huu. Wanawake walishachoka kumwambia atulie. Walisema mwanamume atakayemwoa itabidi afundishwe mbio kwanza. Genmei alicheka, akatupia mkoba wa dawa begani, akaenda zake. Alikuwa daktari peku wa kijiji, yaani mkulima kama wenzake aliyepelekwa komyuni, muungano wa vikosi vya eneo lile, kwa miezi michache akafundishwa kuchoma sindano, kushusha homa, kuzalisha na kutambua mimea ya dawa, kisha akarudishwa kwenye mpunga wake. Na kwa kuwa bwana mifugo alikuwa mnene na mlima ni mkali, nguruwe wa kikosi nao walikuwa wagonjwa wake.

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa imeanza kung'ata. Mpunga ulishavunwa, ukungu umelala bondeni, na Genmei alikuwa njiani kwenda kumbadilishia mtu bandeji, akitembea upesi kana kwamba kidonda kingemkimbia. Pale njia panda, karibu na daraja la mawe, akakanyaga kitu laini chenye uvuguvugu. Akatazama chini. Makapi ya dawa.

Kengwei, dawa ikishachemshwa na kuchujwa, makapi hayatupwi uani. Yanapelekwa njia panda na kumwagwa katikati, ili kila apitaye ayakanyage na kuondoka na ugonjwa kidogo chini ya unyayo wake, mpaka uishe. Wala huulizi ni ya nani. Ni utovu wa adabu. Komyuni walimwagiza Genmei apige vita mambo hayo ya kizamani. Aliitikia vizuri sana, kisha hakufanya lolote, kwa sababu moja tu: alikuwa mbea. Watu walimficha mengi. Walinunua mizizi gulioni kwa mzee mmoja mwenye maneno matamu, walichimba wenyewe vichakani, walifuata walichoambiwa na mama zao wadogo, na wakija kwake walimkazia macho na kusema, "Sijanywa kitu, daktari, ni maji matupu." Makapi hayakuweza kumkazia macho. Genmei aliyatazama kila asubuhi, akajua kijijini kuna asiyepata choo, kuna anayetafuta mtoto, kuna ambaye maziwa hayatoki. Jina alilipata mwenyewe baadaye, maana kijiji chenyewe ni kidogo.

Akachuchumaa. Aliona tende nyekundu zilizopasuka kwa moto, na vipande vya mzizi wa danggui, ule wanaopewa walioishiwa damu. Dawa ya kutia nguvu. Basi kuna mtu anajipendelea leo, alisema moyoni, na alikuwa anainuka aende zake alipoona vipande vya mzizi wa tatu. Vilikuwa vigumu, rangi kati ya manjano na kahawia, na kila kimoja kina nyufa zilizotawanyika kutoka katikati hadi ukingoni.

Mzizi huo aliujua vizuri mno. Wiki iliyopita tu aliukata kwa mikono yake mwenyewe, akaukausha na kuuponda kwa ajili ya banda la nguruwe.

Wazee waliuita mkata utumbo. Mtu akiunywa, kope zinamwangukia, taya linalegea, kisha pumzi inapungua, inapungua, inakwisha, huku akili ikiwa timamu na akiyaona yote. Lakini nguruwe akila mzizi huo huo hapatwi na lolote. Minyoo inatoka, manyoya yanang'aa, ananenepa mpaka shingo inapotea. Nani aliyepanga iwe hivyo, hakuna ajuaye. Ndiyo maana wafugaji wa milima ile wana jina lao wenyewe la mzizi huo: ginsengi ya nguruwe, kwa kuufananisha na ginsengi, mzizi ghali wa kuwatia watu nguvu.

Na nani aliyelitangaza jina hilo Kengwei nzima, kwa kipaza sauti cha kikosi? Ni yeye. Kwenye mkutano wa mavuno aliitwa mbele aeleze kwa nini nguruwe wa mwaka huu wamependeza. Watu walikuwa wanasinzia. Genmei hakupenda watu wasinzie yeye akisema. "Wafalme walikuwa na ginsengi yao," alisema, "na nguruwe wetu wana ya kwao! Nendeni mkawatazame. Wamejaa, wanang'aa, hata mimi nikiwaangalia natamani kikombe!" Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi, na yeye akarudi ukutani kwake amefurahi kweli kweli. Sasa, amechuchumaa juu ya makapi hayo, alitamani kujikata ulimi.

Makapi yalikuwa bado yanafuka mvuke. Maana yake dawa ilichujwa sasa hivi. Maana yake iko ndani ya bakuli, kwenye nyumba mojawapo hapa juu, inasubiri ipoe.

Ya nani? Angeweza kupiga kelele pale pale, lakini kwenye ukungu ule na nyumba zilivyotawanyika mlimani, nusu ya kijiji isingemsikia, na nusu nyingine ingedhani kuna moto. Akafikiria chungu. Dawa haichemshwi kwenye sufuria ya chuma, inaharibika, na chungu kizuri cha dawa huku juu kilibaki kimoja, cha Shangazi Qiu. Chungu cha dawa huazimwa lakini hakirudishwi. Ukikirudisha ni kama umempelekea mwenyewe ugonjwa mlangoni. Kinabaki kwa aliyekitumia, na anayekihitaji anakwenda kukichukua huko huko. Kwa hiyo kilizunguka nyumba hadi nyumba, na mwenyewe hakukitia machoni tangu majira ya kupanda. Lakini Shangazi Qiu hakuwahi kupotewa na habari za mali yake. Genmei akashika mbio.

Alimkuta anafagia kizingiti.

"Shangazi! Chungu chako kiko kwa nani?"

Shangazi Qiu aliacha kufagia, akamtazama kuanzia nywele hadi miguu yenye matope. "Hujambo na wewe. Ndivyo mlivyofundishwa komyuni? Unamwamkia mtu asubuhi asubuhi kwa kumtajia chungu cha dawa? Unataka niugue leo au kesho?"

"Shangazi, tafadhali."

"Tema mate chini kwanza."

Genmei akatema mate chini. Angetema na meno kama angeambiwa.

"Haya. Kiko kwa Fundi Liao. Na usimwambie nimekwambia, maana anasema anakipikia dawa ya mgongo." Shangazi akainama karibu na sikio lake. "Mgongo gani? Mkewe ananieleza mengine kabisa."

Genmei alishaondoka. Shangazi Qiu aliutazama mgongo wake ukiishia kwenye ukungu, akaona hapo kuna jambo, akaweka ufagio ukutani na kumfuata.

Fundi Liao, seremala, alikuwa uani anapiga randa ubao. Alipoulizwa kuhusu chungu, masikio yalimwiva. Ni mtu mkubwa, mabega mapana, na alisimama pale na randa mkononi akitazama huku na huku.

"Chungu? Chungu gani? Mimi sina chungu."

"Fundi, sina haja na ulichopika."

"Ni mgongo tu, daktari. Nilibeba magogo."

"Hata kama ni mgongo, hata kama si mgongo! Asubuhi hii umechemsha dawa? Mkeo amechemsha?"

"Asubuhi hii? La." Alishangaa kwa namna ambayo haikuwa ya kuigiza. "Kilichukuliwa jana jioni. Yule mkamwana wa Bibi Zhong, Yinxiu, alikuja akakiomba. Kakisugua hapa hapa kisimani kwa majivu mpaka nikaona aibu, maana sisi hatukuwa..."

Genmei hakusikia mengine. Yinxiu. Yinxiu ndiye anayelisha nguruwe wa kikosi. Kila asubuhi anatia kwenye pumba konzi moja ya mzizi uliopondwa, na mizizi mizima inaning'inia darini bandani, juu ya kichwa chake.

Kutoka kwa Fundi Liao hadi kwa Bibi Zhong ni ngazi za mawe matupu, zinateleza, na Genmei alizipanda akishikilia majani ya kandokando. Njia nzima hakufikiri lingine ila bakuli. Alikuwa analiona kabisa, mvuke ukipungua juu yake.

Bibi Zhong alijulikana bonde lote kwa sauti. Alikuwa mjane mwenye kifua kibovu na mtoto mmoja wa kiume, na mtoto huyo kikosi kilimpeleka mbali kujenga bwawa. Wakabaki wawili nyumbani, yeye na mkamwana wake. Bibi Zhong hakuona lolote jema kwa msichana yule. Anapika chumvi nyingi, anapakua chakula baridi, anatembea kama anayeiba, katoka bonde la watu wasiojua hata kufunga mzigo wa kuni. Aliyasema hayo kutoka mlangoni kwake na watu walioko mtoni waliyasikia. Yinxiu hakujibu hata siku moja. Wengine walisema ana adabu, wengine walisema ameweka kitu moyoni.

Genmei aliingia uani. Bibi Zhong amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, shuka begani, na bakuli amelishika kwa mikono miwili. Alikuwa amelinyanyua hadi kidevuni na analipuliza.

Hakukuwa na wakati wa kusema. Genmei alilipiga kwa kiganja, bakuli likaruka, likapasukia kwenye mawe.

"Umekunywa?"

"Wewe mwehu!" Bibi Zhong alipiga ukelele. "Bakuli langu!"

"Bibi, umekunywa? Hata kidogo?"

"Nimekunywa wapi, moto namna ile! Nilikuwa napuliza! Ona, umeniunguza paja! Bakuli la mama yangu!"

Genmei alimshika taya, akamfunua kope, akanusa mdomo wake. Ulinuka figili za chumvi. Akashika mwimo wa mlango. Alikuwa amewahi. Alicheka peke yake, kicheko kibaya cha pumzi, na Bibi Zhong akazidi kumwona mwehu.

Hapo Shangazi Qiu akatokea kwenye ngazi, anahema, na Fundi Liao nyuma yake, na nyuma yao majirani wawili watatu walioona watu wakikimbia wakaona si vyema kubaki.

"Kulikuwa na nini humo?" aliuliza Shangazi Qiu.

Kama Genmei angekuwa mtu wa kutulia, angevuta pumzi kwanza, akachagua maneno. Hakuwa. "Sumu," alisema. "Mkata utumbo."

Bibi Zhong akajivuta kutoka kwenye kigoda, akasimama wima kama hajaugua maishani mwake.

"Mmesikia? Mmesikia wenyewe kwa masikio yenu? Nilisema! Tangu siku ile aliposhuka na kifurushi chake nilisema, huyu ana jambo na mimi! Mwanangu kaondoka tu, kaona ndiyo nafasi! Ananiletea bakuli kwa mikono miwili, anainama, Mama kunywa, Mama utapata nguvu! Nguvu ya kuingia kaburini!"

"Bibi, subiri kidogo," alisema Genmei.

"Nisubiri nini? Aniue vizuri zaidi? Liao, nenda kamwite mwenyekiti wa kikosi. Waje na kamba!"

Yinxiu alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mkono mmoja kwenye mwimo. Alikuwa msichana mwembamba, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili. Hakulia wala hakukimbia.

"Ni ginsengi, Mama," alisema polepole. "Ile aliyosema daktari. Nilitaka upate kama... kama wao. Wamepata afya."

"Kama nani?"

"Kama nguruwe."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Bibi Zhong alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za Kengwei halikutoka neno. Yinxiu aligeuka, akarudi ndani taratibu, akipapasa ukuta. Ameona aibu, aliwaza Genmei, na nani asingeona. Maneno yake yalikuwa mazito, yakatoka yamevimba, lakini koo lenye machozi husema hivyo.

"Kaniita nguruwe," alisema Bibi Zhong, sauti imemrudia. "Kabla ya kuniua kaniita nguruwe."

"Hakutaka kukuua!" Genmei alipaza sauti kuliko alivyokusudia. "Nisikilizeni. Mimi ndiye niliyesema. Mlikuwapo wote, mlicheka. Nilisema nguruwe wana ginsengi yao na hata mimi natamani kikombe. Hakuna mahali niliposema mtu akinywa anakufa. Nilidhani mnajua. Wengi mnajua, ninyi mmezaliwa hapa, lakini yeye katoka kwingine, huko kwao mzizi huu hauoti. Alisikia daktari anasifu, akaamini. Kosa ni langu, Bibi. Mwite mwenyekiti, nitamwambia hivyo hivyo."

"Maneno matamu," alisema Bibi Zhong. "Nani ajuaye lililo moyoni mwa mtu? Anawalisha kila siku. Asijue?"

Majirani wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema kweli, mtu kutojua ni vigumu. Mwingine akakumbusha kwamba Yinxiu hasemi, na asiyesema huwezi kumjua. Genmei alisikia jinsi neno lake moja, sumu, lilivyokuwa limeshapata miguu, na hakujua atalirudishaje. Alizunguka uani, akaokota kigae kimoja cha bakuli ili afanye kitu na mikono yake. Kilinata. Akakinusa.

"Kuna sukari hapa," alisema.

"Sukari guru," alisema Bibi Zhong kwa dharau. "Siwezi kunywa dawa yenye uchungu mtupu. Na safari hii angalau aliweka ya kutosha, nilisikia harufu. Kila siku inapelea, leo ndiyo..."

Akakitazama kigae mkononi mwa Genmei. Wote uani walifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, maana hakuna nyumba Kengwei ambako jambo hili halifanywi. Dawa ya mkubwa haipelekwi mikononi mwake kabla haijaonjwa. Anayeipika huonja asije mzee akaungua, huonja asije akakerwa na uchungu. Hakuna anayeita huko kunywa. Ni kama kufuta bakuli kabla ya kupakua, mkono unafanya wenyewe.

"Nani ameonja?" aliuliza Genmei, ingawa alishaanza kukimbia.

Yinxiu alikuwa amekaa kwenye kuni mbele ya jiko. Kidevu chake alikuwa amekishikilia kwa mkono ili kisianguke. Kope zilikuwa zimefumba nusu.

"Dada Genmei," alisema. "Nakuona uko wawili."

"Umeonja kiasi gani? Yinxiu! Kiasi gani, mdogo wangu?"

"Kidogo. Kwanza moto. Halafu sukari. Haikukolea... nikaongeza... nikaonja tena. Hupenda ikolee."

Genmei alimwinamisha, akamtia vidole kooni. Akatapika maji ya kahawia na uji, akatapika tena. Nyuma yao watu walijazana mlangoni. Fundi Liao alikuwa anapiga kelele kwamba ni damu ya mbuzi, achinjwe mbuzi, babu yake aliponywa kwa damu ya mbuzi ikiwa bado moto, na mwingine alikuwa anauliza mbuzi wa nani, wa kikosi au wa mtu, na kama ni wa kikosi nani ataruhusu.

"Hawezi kumeza!" Genmei alifoka. "Mkimmiminia kitu mtamzamisha. Liao, acha mbuzi. Ng'oa mlango, tumbebe. Hospitali ya komyuni, sasa hivi!"

Fundi Liao angalau alijua milango. Aliunyanyua ule wa jikoni kutoka kwenye kitako chake kwa mkupuo mmoja, wakamlaza Yinxiu juu yake. Hawajafika nje ya uani, kifua chake kilisimama. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Macho hayakufunguka, lakini chini ya kope yalikuwa yanahangaika huku na huku, na Genmei alijua kwamba yumo humo ndani, anasikia kila kitu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akaweka sikio kifuani. Moyo unapiga.

"Moyo upo," alisema. "Ni pumzi tu. Tukimpumulia atakaa. Twendeni, na msisimame."

Akamziba pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa msichana, akapuliza. Kifua kikapanda, kikashuka. Akapuliza tena. Wanaume wanne walishika pembe za mlango na kuanza kuteremka zile ngazi, naye pembeni, amejikunja, mguu mmoja mtaroni, akipuliza kila anapoona yeye mwenyewe anahitaji kuvuta hewa. Aliteleza, akainuka, akapuliza. Daraja likapita. Mashamba yaliyobaki vishina vya mpunga yakapita. Kichwa kilimzunguka, akaona nyota, masikio yakavuma. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima mwingine.

"Mtu anipokee," alisema kati ya pumzi moja na nyingine. "Nitaanguka. Mtu yeyote."

Wabebaji walitazama njia. Fundi Liao, masikio mekundu, alisema yeye ni mwanamume, na huyu ni mke wa mtu. Shangazi Qiu alisema angependa sana, lakini je, kama sumu ingali mdomoni? Yeye ana wajukuu. Genmei hakuwa na pumzi ya kuwatukana. Alipuliza tena, na safari hii kifua cha msichana kilipanda kidogo tu.

Walikuwa wamefika kwenye kibanda cha kupumzikia wasafiri, pale njia inapoanza kupanda. "Tueni," ikasema sauti nyuma yao. "Tueni hapo, nimesema."

Bibi Zhong alikuwa amewafuata njia nzima. Shuka limeburuzika matopeni, kiatu kimoja hakipo, na kifua chake kilikuwa kinakoroma. Alimsukuma Genmei kwa kiwiko.

"Bibi, wewe mwenyewe kifua..."

"Kifua changu kimemfokea huyu tangu alipokuja, hakikuwahi kuishiwa. Niondokee."

Akapiga magoti kwenye sakafu ya mawe. Alimziba Yinxiu pua jinsi alivyoona Genmei akifanya, akamfunika mdomo kwa mdomo wake uliopungua meno, akapuliza. Kifua kikapanda juu kabisa. Aliinua kichwa, akakohoa pembeni, akafuta mate.

"Pumua," alimwambia. "Mvivu wewe. Nani atakuja kunipikia?" Akapuliza. "Ulionja ya nini mara mbili? Nani alikwambia? Ikipelea si ningesema? Siku zote si nasema?" Akapuliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye pembe za midomo, hakuyafuta. "Nimewaambia watu walete kamba. Umenisikia nikisema, eti? Umenisikia. Pumua basi, uamke unitukane."

Genmei aliegemea nguzo akivuta hewa kwa kinywa chote, kisha wakabadilishana, Genmei njiani na Bibi Zhong kwenye vituo, na mwishowe Shangazi Qiu, kwa aibu, akasema haya, nionyesheni. Walipanda mlima hivyo. Mara kadhaa Genmei alidhani moyo umenyamaza, akaweka sikio, akausikia, akawahimiza wabebaji kwa maneno ambayo komyuni hawakumfundisha.

Waliposhuka upande wa pili na mapaa ya mji yakaonekana, zamu ilikuwa ya Bibi Zhong tena. Walitua mlango chini ya mti. Genmei aliweka kiganja chake juu ya mbavu za Yinxiu ili ahesabu mapigo, na hapo chini ya kiganja kitu kikasogea wakati hakuna aliyepuliza. Akasubiri. Kikasogea tena. Hewa kidogo ikaingia puani kwa sauti nyembamba, ikatoka, na baada ya muda ikaingia nyingine. Kope moja ikatetemeka.

"Bibi," alisema. "Bibi, acha sasa. Anapumua mwenyewe."

Bibi Zhong alimtazama. Uso ulikuwa wa kijivu kwa uchovu, nywele zimefumuka zote.

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimeshika hapa, naisikia."

"Wewe," alisema Bibi Zhong. "Hata ile ginsengi ni wewe uliyeisifu."

Bibi Zhong akamziba msichana pua, akainama, akapuliza tena.